Nchi ikishukiwa kutengeneza bomu la nyuklia: mkataba, vikwazo, mashambulizi au kuacha kwa hiari?

Tangu Israeli na Marekani zishambulie vituo vya nyuklia vya Iran mwezi Juni 2025, hoja hiyo haijaisha katika vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam. Mmoja anashikilia kwamba mkataba wa nyuklia wa 2015 na Iran ndio uliokuwa dawa. Wa pili anasema bila kupigwa hakuna anayesikia. Wa tatu anauliza kwa nini wasifanye kama Afrika Kusini, iliyoyavunja mabomu yake yenyewe. Mwanafunzi wa diplomasia pale Kurasini anayejiandaa kwa mdahalo yuko kwenye njia panda hiyohiyo, na mhariri anayetaka kuieleza habari hii jioni bila kuipotosha naye yumo.

Wengi wetu tunaanza na upande: nani tunamuunga mkono, nani hatumpendi. Tukianzia hapo tunaikosa hoja yenyewe. Kwa hiyo nimezipima njia nne kwa maswali manne yaleyale, ili kila mmoja achague akijua anachokipata na anachokiacha.

Na jambo hili halipo mbali nasi. Mwaka 2024 karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani ilipita Mlango wa Hormuz, kando ya Iran, na vita ikinusa pale, bei kikomo ya mafuta inayotangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya mwezi inaweza kubadilika kabla hata bunduki hazijapoa. Tuna pia urani yetu wenyewe pale Mkuju, Namtumbo.

Maswali ya kupimia

*Wakaguzi wanaona nini?* Hili nimeliweka mbele kwa makusudi. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, NPT, ulioanza kutumika Machi 1970, unairuhusu nchi isiyo na bomu kutumia nyuklia kwa umeme, hospitali na utafiti, kwa sharti kwamba ikaguliwe na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna. Kazi ya mkaguzi ni kama ya mtu anayehesabu mali ghalani: daftari linasema kilo kadhaa, je, ndani zimo? Anafunga sili kwenye makasha, anaweka kamera, anapangusa ukuta na mashine kwa kipande cha pamba kinachopelekwa maabara. Chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kueleza ni urani ya kiwango gani iliyopita hapo. Urani inayotoka ardhini ina takriban asilimia 0.7 tu ya urani-235, ile inayotakiwa. Vinu vingi vya umeme vinatumia ya asilimia 3 hadi 5, na silaha huhitaji karibu 90; kukipandisha kiwango hicho ndiko kurutubisha. Kipimo cha IAEA cha kushtuka ni kilo 25 za urani-235 iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, au kilo 8 za plutoni, malighafi nyingine ya bomu. Ukikosekana mzigo wa ukubwa huo, huwezi tena kusema kwamba bomu haliwezekani.

*Njia hii inaleta muda kiasi gani?* Yaani, ikiwa viongozi wataamua leo kutengeneza bomu, watahitaji wiki, miezi au miaka?

*Nani analipa gharama?* Watawala, wananchi, majirani, au mwenye duka wa Manzese?

*Je, inadumu?* Serikali zikibadilika upande huu au ule, kilichopatikana kitabaki?

Kuna swali jingine linaloulizwa sana hapa kwetu, na ni la haki: mbona wengine wanazo? NPT inatambua nchi tano tu zenye silaha hizo, zile zilizolipua kabla ya tarehe 1 Januari 1967, na kifungu chake cha sita kinazitaka zifanye mazungumzo ya kuziondoa. Hazijaziondoa. India, Pakistani na Israeli hazijawahi kujiunga kabisa. Swali hili halitusaidii kuchagua kati ya njia nne, kwa kuwa linazigusa zote, lakini asiyelizingatia hataelewa kwa nini nchi inayobanwa hukataa hata pendekezo zuri.

Njia ya kwanza: mkataba

*Macho ya wakaguzi.* Hapa hakuna njia inayoufikia mkataba. Makubaliano yaliyofikiwa Vienna tarehe 14 Julai 2015, kati ya Iran kwa upande mmoja na Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China kwa upande mwingine, yaliiwekea Iran kikomo cha kurutubisha urani hadi asilimia 3.67 na akiba isiyozidi kilo 300. Kituo cha Natanz kilibakiwa na mashine 5,060 tu za kurutubishia. Wakaguzi hawakuishia kwenye vinu. Walifuatilia mnyororo mzima, kuanzia urani inapochimbwa, kwa ahadi ya miaka 25, hadi karakana zinazotengeneza vipuri vya mashine, kwa miaka 20. Mtu anayetaka kudanganya chini ya ukaguzi wa namna hiyo atalazimika kuficha mgodi, kiwanda na kituo kwa pamoja.

*Muda.* Kabla ya makubaliano, makadirio ya Marekani yalikuwa kwamba Iran ingepata urani ya kutosha bomu moja ndani ya miezi miwili au mitatu. Baada yake ikawa takriban mwaka mmoja. Mwishoni mwa 2015 zaidi ya tani 11 za urani iliyorutubishwa zilipakiwa melini kwenda Urusi. Mwaka mmoja unaweza kuonekana kidogo, lakini kwa wanadiplomasia ni muda wa kugundua, kuitisha vikao na kuchukua hatua.

*Gharama.* Mkataba unailipa serikali usiyoiamini. Fedha za Iran zilizokuwa zimezuiwa zilifunguliwa, na wapinzani wa makubaliano, Israeli na Saudi Arabia wakiwa mbele, walisema fedha hizo zingefadhili wanamgambo katika eneo lao. Hoja hiyo ina uzito, na anayetetea mkataba asiipite kimya.

*Uimara.* Hapa ndipo unapoumia. IAEA iliripoti mara kwa mara kwamba Iran inatimiza masharti, lakini tarehe 8 Mei 2018 Rais Donald Trump aliitoa Marekani. Iran ikaanza kuvuka mipaka mwaka 2019, ikaanza kurutubisha hadi asilimia 60 Aprili 2021, na Juni 2022 ikaondoa kamera 27 za IAEA. Kilichojengwa kwa mazungumzo ya miaka kilibomolewa na saini ya upande mmoja.

Korea Kaskazini ilitoa somo hilo mapema zaidi. Kwa makubaliano ya Oktoba 1994 na Marekani ilisimamisha kinu chake cha Yongbyon, na fito zipatazo 8,000 za mafuta ya kinu yaliyokwisha kutumika, ambazo ndani yake mna plutoni, zikawekwa chini ya macho ya wakaguzi. Ilikuwa ipewe vinu viwili vya umeme na tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka. Vinu havikuisha, mafuta yalichelewachelewa, na mwaka 2002 Marekani iliituhumu kuwa inarutubisha urani kwa siri. Desemba mwaka huo sili zilikatwa, wakaguzi wakafukuzwa. Miaka minane ya plutoni iliyotulia haikuwa bure, lakini haikufika mwisho wa safari.

*Inamfaa nani?* Anayeamini kwamba kujua ni bora kuliko kubahatisha, na ambaye ana uhakika kiasi kwamba bunge na uchaguzi nyumbani kwake havitamgeuka.

Njia ya pili: vikwazo

Hii ndiyo njia ambayo Tanzania iliipigia kura. Tulikuwa mjumbe asiye wa kudumu wa Baraza la Usalama mwaka 2005 na 2006, na kura yetu imo katika azimio namba 1718 dhidi ya Korea Kaskazini, Oktoba 2006, na namba 1737 dhidi ya Iran, Desemba mwaka huohuo. Yote mawili yalipita bila kupingwa.

*Macho ya wakaguzi.* Vikwazo havimwingizi mkaguzi hata mmoja mlangoni. Vinaweza kumsukuma mtu akubali kuwafungulia, au vikamfanya afunge kwa hasira. Mwezi Aprili 2009 Korea Kaskazini iliwafukuza wakaguzi waliokuwa wamerudi, siku chache baada ya Baraza la Usalama kulaani urushaji wake wa roketi.

*Muda.* Vinachelewesha, hasa pale vinapozuia vipuri maalumu ambavyo nchi haiwezi kutengeneza yenyewe. Lakini Korea Kaskazini, iliyofanya jaribio la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006, ilifanya mengine matano chini ya vikwazo, la mwisho Septemba 2017. Kwa Iran hali ilikuwa tofauti: mafuta yake yalipokosa wanunuzi na benki zake zilipoondolewa kwenye mtandao wa malipo wa kimataifa mwaka 2012, meza ya mazungumzo ilipata uzito mpya. Tofauti iko hapa: Iran iliishi kwa kuuza mafuta duniani, wakati Korea Kaskazini ilikwishazoea kujifungia na ilikuwa na China mlangoni.

*Gharama.* Hili linahitaji kusemwa bila kulainisha. Irak iliwekewa vikwazo kuanzia Agosti 1990, na baada ya vita ya Ghuba vilifungwa kwenye sharti la kuharibu silaha zake. Watoto walikosa dawa na maji safi, hospitali zikachakaa, na mpango wa kubadilisha mafuta kwa chakula ulianza kufanya kazi Desemba 1996 tu. Mratibu wa misaada wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa Baghdad, Denis Halliday, alijiuzulu mwaka 1998 akipinga mateso hayo. Saddam Hussein alikuwa bado anajenga majumba. Vikwazo vya baadaye vilijaribu kulenga watu, kampuni na meli mahususi, na ni hatua mbele, ingawa benki zinazoogopa adhabu huendelea kukataa hata malipo ya dawa halali.

Gharama hiyo inafika hadi kwenye bendera yetu. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli 36 za mafuta zenye asili ya Iran zilikuwa zikipeperusha bendera ya Tanzania, zikiwa zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Barua kutoka Washington zikafika, serikali ikachunguza na kutangaza kuzifuta. Nchi iliyokuwa imepiga kura ya ndiyo New York ikajikuta inaeleza kwa nini jina lake limeandikwa nyuma ya meli hizo.

*Uimara.* Vikwazo vya Baraza la Usalama vinazifunga nchi zote, lakini vinategemea wakubwa watano wakae pamoja. Machi 2024 Urusi ilipiga kura ya turufu, na jopo la wataalamu lililokuwa likifuatilia vikwazo vya Korea Kaskazini likafa. Kwa upande wa Iran, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zilivirudisha vikwazo vya zamani Septemba 2025, na Urusi na China zikasema hazitambui uamuzi huo.

*Inamfaa nani?* Anayetaka kuonyesha kwamba uvunjaji una adhabu bila kumwaga damu moja kwa moja, na ambaye ameshaandaa jibu la swali hili: nchi ikitii, itapewa nini na lini?

Njia ya tatu: mashambulizi

*Macho ya wakaguzi.* Kinachovunjwa mara nyingi ni ukaguzi wenyewe. Kabla ya Juni 2025, IAEA ilijua Iran ina zaidi ya kilo 400 za urani ya asilimia 60. Tarehe 12 Juni Bodi ya Magavana ya shirika hilo ilitangaza kwamba Iran haijatimiza wajibu wake wa ukaguzi. Kesho yake Israeli ilishambulia, na tarehe 22 Marekani ikapiga Fordow, Natanz na Isfahan. Mwanzoni mwa Julai Iran ilisimamisha ushirikiano na wakaguzi wakaondoka. Akiba ile ikabaki kuwa swali ambalo mkurugenzi mkuu, Rafael Grossi, hakuweza kulijibu kwa kuihesabu tena kwa mikono ya watu wake. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki: mzigo uliokuwa na sili na namba ukageuka kuwa makadirio.

*Muda.* Watetezi wa mashambulizi wanayo mifano yao. Israeli ilibomoa kinu cha Osirak nchini Irak tarehe 7 Juni 1981, na Septemba 2007 ikabomoa jengo la Dair Alzour nchini Syria, ambalo IAEA ilisema mwaka 2011 kwamba yaelekea sana lilikuwa kinu. Kinu cha Syria hakikujengwa tena. Kile cha Irak nacho hakikufufuka, lakini Saddam alihamishia nguvu kwenye mpango wa siri, na baada ya vita ya 1991 wakaguzi walikuta mitambo ya kutenganisha urani ambayo hawakuwahi kuoneshwa. Ugunduzi huo ndio uliozaa Itifaki ya Ziada ya mwaka 1997, inayowapa wakaguzi haki ya kufika hata mahali ambapo nchi haikupataja.

*Gharama.* Iran ilisema zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika siku 12 za vita ya Juni 2025, na raia wa Israeli nao walikufa kwa makombora ya kulipiza. Kisheria, Baraza la Usalama lililaani shambulio la Osirak kwa kauli moja katika azimio 487, Marekani ikiwemo. Na mwaka 2003 Irak ilivamiwa kwa madai ya silaha ambazo hazikupatikana, huku Hans Blix na wakaguzi wake wakiwa bado wanaomba muda wa kumaliza kazi.

*Uimara.* Jengo linabomoka, ujuzi haubomoki. Mhandisi aliyewahi kuziendesha mashine anajua kuziunda tena.

*Inamfaa nani?* Hoja yake ina nguvu zaidi pale mpango mzima unapotegemea kituo kimoja ambacho hakijatiwa mafuta ya nyuklia. Inapungua nguvu vituo vinapotawanyika na kuzikwa chini ya mlima.

Njia ya nne: kuacha kwa hiari

*Macho ya wakaguzi.* Afrika Kusini ndiyo nchi pekee iliyotengeneza mabomu yake yenyewe, ikamaliza sita, kisha ikayavunja yote. Ilijiunga na NPT Julai 1991. Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia bunge kilichokuwepo, na IAEA ikafungua madaftari ya uzalishaji, ikapima, ikalinganisha, hadi ikaridhika kwamba hesabu zinaingiana. Libya ilitangaza Desemba 2003 kuacha mpango wake, miezi miwili baada ya meli yenye vipuri vya mashine za kurutubishia kukamatwa, na vifaa vikapakiwa ndegeni kupelekwa Marekani.

*Muda.* Ni wa kudumu kadiri inavyowezekana. Hakuna njia nyingine iliyofika hapo.

*Gharama.* Kwa Afrika Kusini ilikuwa ndogo, kwa sababu hofu iliyozaa mabomu yale ilikuwa inaondoka: Wakuba walikuwa wanatoka Angola, Namibia inapata uhuru, ubaguzi unavunjika. Sisi wa Dar es Salaam tuna sababu ya kukikumbuka kisa hiki kwa karibu. Mji huu ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, na wapigania uhuru walipita hapa wakielekea kusini. Mabomu yale yalitengenezwa na serikali iliyotuhesabu kuwa maadui. Mwaka 1991 Zambia, Tanzania na Zimbabwe zilijiunga na NPT, mwaka uleule wa Afrika Kusini, na hatua hiyo ya majirani ilikuwa sehemu ya mazingira yaliyowezesha mambo. Baadaye ukaja Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika Julai 2009, unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Argentina na Brazil zilifika karibu na hapo kwa mlango mwingine: mwaka 1991 ziliunda chombo cha kukaguana zenyewe kwa zenyewe.

Kwa Libya bei ilikuwa nyingine. Muammar Gaddafi aliuawa Oktoba 2011 baada ya miezi ya mashambulizi ya NATO. Korea Kaskazini ilisema wazi mwaka huo kwamba mapatano ya Libya yalikuwa mtego. Ukraine, iliyorudisha Urusi vichwa vya nyuklia ilivyorithi kwa ahadi za Budapest za Desemba 1994 kwamba mipaka yake ingeheshimiwa, inatajwa kwa sababu hiyohiyo.

*Uimara.* Kwa nchi iliyoacha, mkubwa. Kwa nchi inayotazama kutoka pembeni, somo linategemea kilichompata aliyeacha.

*Inamfaa nani?* Mtawala anayebadilika kutoka ndani. Huwezi kumwagizia mwingine.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Ikiwa wakaguzi bado wamo na mzigo bado unahesabika, mimi ningetetea mkataba, na vikwazo vibaki nyuma yake kama uzito wa mezani. Ukipoteza hesabu, kuirudisha ni kazi ya miaka.

Ikiwa makubaliano yamevunjika lakini nchi bado imo ndani ya NPT, vikwazo vinavyolenga vipuri na wahusika vina nafasi, mradi viwe na mlango wa kutokea ulioandikwa. Kumbuka kifungu cha kumi: nchi inaweza kujitoa kwa notisi ya miezi mitatu, kama Korea Kaskazini ilivyotangaza Januari 2003. Kubana bila mlango kunaisogeza nchi kwenye notisi hiyo.

Ikiwa nchi imekwisha kulipua bomu, hoja ya mashambulizi imepitwa na wakati, na kudai ivunje yote kwanza hakujaleta matunda, kama mkutano wa Trump na Kim Jong Un wa Korea Kaskazini huko Hanoi, Februari 2019, ulivyoonyesha. Kinachobaki kujadiliwa ni kusimamisha uzalishaji na kurudisha wakaguzi hatua kwa hatua.

Ikiwa utawala wenyewe unageuka, peleka wakaguzi na majirani haraka, na ahadi zitolewe zikiwa zinaweza kutekelezwa.

Kama umepangiwa kutetea mashambulizi kwenye mdahalo, simama na Dair Alzour, usisimame na Irak ya 2003. Ukipangiwa vikwazo, Iran ya 2012 hadi 2015 ni ushahidi wako, na uwe na jibu kuhusu watoto wa Irak kabla hujaulizwa. Ukipangiwa mkataba, tayarisha jibu la Mei 2018.

Mhariri wa habari, kabla hujaandika kwamba nchi fulani "ina bomu" au "haina", tazama ripoti ya karibuni ya IAEA kwa Bodi ya Magavana, kisha uandike wakaguzi wameona nini na walizuiwa kuona nini.

Na kwa wakala wa meli au forodha pale bandarini, uchaguzi kati ya hizi njia si wako, ila azimio likipita linakufunga. Kagua mmiliki halisi wa meli na wa mzigo, si jina lililoandikwa kwenye karatasi pekee, na bendera ikibadilishwa katikati ya safari uliza sababu kabla hujatia saini.